Tochi ndogo ya mfukoni yenye mwanga mkali: niangalie nini kabla sijatoa hela?

Mkulima_Tandahimba

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nipo huku Tandahimba, nalima korosho, na msimu wa mauzo ukifika huwa nashika zamu ya kulinda ghala la chama chetu na wenzangu. Natafuta tochi ndogo ya kuingia mfukoni bila kuvuta suruali chini ila mwanga wake uwe wa maana, sio hizi za kumulika vidole vya miguu. Kazi zake, alfajiri tukipulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, maana tunaanza giza bado lipo, upepo umetulia na umande uko kwenye majani, halafu usiku kwenye zamu nataka nione mpaka mwisho wa uzio na chini ya ile mikorosho ya nyuma, halafu nyumbani umeme ukikatika, hilo wote mnalijua.

Sasa nimeenda Mtwara mjini dukani nikaonyeshwa moja ya zumu, ile ya kuvuta kichwa mbele na nyuma, boksi limeandikwa lumeni 10,000, betri yake imeandikwa mAh 9,900, bei elfu 18. Mtandaoni naona zingine ndogo vilevile zimeandikwa lumeni 1,300, nyingine 2,000 tu, na bei inaanzia elfu 80 kwenda juu. Muuzaji anasema hao wa mtandaoni wanauza jina. Mimi sitaki jina nataka mwanga, ila elfu 80 ni hela ya shambani siwezi kuitoa kienyeji. Anayezijua hizi tochi anieleze, naipimaje? Hiyo lumeni kwa macho yangu mimi nikiwa shambani usiku ina maana gani? Na nikiwa dukani tochi iko mkononi, kuna kitu naweza kufanya palepale nikajua hii tochi au urembo? Natanguliza shukrani.

Boda_Chikongola

Mkuu chukua hiyo ya zumu, mimi natumia kama hiyo usiku nikitengeneza tairi njiani na inamulika mpaka ng'ambo ya barabara. Ikifa unanunua nyingine. Elfu 80 kwa tochi hapana.

FundiRedio_Mkanaledi

@Mkulima_Tandahimba subiri kwanza usitoe hela, na @Boda_Chikongola sikukatalii, kwa kazi yako ya tairi hiyo inatosha kabisa, ila mwenzako analinda ghala na anapuliza salfa, kazi ni tofauti.

Tuanze na hizo 10,000. Ni uongo, na huna haja ya kuniamini mimi, piga hesabu mwenyewe. Betri inayokaa kwenye tochi hizo ni 18650, yaani milimita 18 unene na 65 urefu. Ile nzuri ya kawaida ya saizi hiyo inabeba mAh 3,500 hivi, ukizidisha kwa volti 3.6 unapata wati-saa 12 na nusu. LED nzuri ikiwa na bodi nzuri, yaani saketi inayoipa umeme, inakupa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo betri ikiwa imejaa ina uwezo wa kutoa lumeni 1,250 kwa saa moja, basi. Ukitaka 2,000 hazifiki hata dakika 40, ukitaka 300 unapata saa nne. Hizo 10,000 zingekula wati 100 kwa mkupuo na betri ingekata kwenye dakika saba, na zaidi ya nusu ya hizo wati ni joto, joto lote hilo liko kwenye kibomba cha alumini ulichokishika kiganjani. Ungekitupa chini kabla hujaona mwisho wa uzio. Na hiyo mAh 9,900 ni hivyohivyo, 18650 yenye uwezo huo haipo sokoni, ukiona lebo inazidi 4,000 kwenye saizi hiyo jua hata volti zake usiziamini.

Sasa hizo za kweli nazo zina mambo yake. Lumeni 2,000 kwenye tochi ndogo ni za mwanzo tu, mwili ukishapata moto bodi inashusha mwanga yenyewe ili LED isiungue, na ni vizuri ishushe. Kinachotofautisha tochi na tochi ni inashuka mpaka wapi na inakaa hapo muda gani. Kuna kipimo cha Marekani kinaitwa ANSI FL1, kilianza 2009, watengenezaji wengi wa maana wanakifuata. Hicho kinataka lumeni zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu tochi iwashwe, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Soma hapo vizuri. Tochi inaweza kuandikwa lumeni 2,000 saa 2 na nusu bila kusema uongo kabisa, wakati 2,000 umeziona dakika moja na muda wote uliobaki uko kwenye 500 au 400. Kwa hiyo ukitazama ukurasa wa bidhaa tafuta ule mchoro wa mstari unaoonyesha mwanga unavyoshuka kadiri muda unavyokwenda. Mstari ukianguka halafu ukanyooka kwenye 600 kwa saa nzima, hiyo tochi. Ukiwa unateremka tu bila kutulia maana yake bodi ni ya bei rahisi, inafuata betri inavyokwisha.

Halafu macho yenyewe. Jicho halihesabu kama mashine, ili uone mwanga umekuwa mara mbili unahitaji lumeni kama mara nne. Kwa hiyo kati ya 1,300 na 2,000 ukiwa shambani tofauti utaitafuta, usilipie nyongeza ya elfu 40 kwa ajili hiyo.

Mkulima_Tandahimba

Fundi asante sana, hiyo hesabu nimeirudia kwenye karatasi imekubali. Sasa kuhusu kuona mbali, uzio wetu kutoka mlangoni kwa ghala mpaka kona ya mwisho ni kama mita 80. Lumeni ngapi zinafika huko?

FundiRedio_Mkanaledi

Kufika mbali sio kazi ya lumeni peke yake. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, kinachoupeleka mbali ni kile kikombe kinachong'aa mbele, kinaubana kiasi gani, na kipimo chake ni kandela. Tochi ya lumeni 500 yenye kikombe kirefu inaweza kwenda mita 400 na ya 2,000 yenye mwanga wa kutawanyika ikaishia 150. Na mita zinazoandikwa kwenye boksi ni pale mwanga unapobaki robo ya laksi (laksi inapima mwanga unaofika pale unapomulika), sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kuna kitu kipo utakiona, ila kama ni mtu au mbuzi hutajua. Ukigawanya hizo mita kwa mbili unapata umbali wa kuona kwa uhakika, maana nusu ya umbali mwanga ni mara nne. Kwa mfano tochi ya Fenix PD36R imeandikwa lumeni 1,600 na mita 283, mimi naihesabu kuwa ya mita 140. Kwa uzio wako wa mita 80 tafuta iliyoandikwa kuanzia 160, ukipata 200 umemaliza.

Kuhusu dukani. Iwashe juu kabisa, mulika ukuta mweupe kwa karibu. Hizo za zumu ukivuta kichwa mpaka mwisho utaona mraba wa njano umechorwa ukutani, hiyo ni picha ya LED yenyewe, pembeni yake giza tupu. Mraba huo unaenda mbali kweli lakini usiku unatembea huoni kilicho mguuni. Tochi nzuri ina kiini katikati na mwanga hafifu unaokizunguka, unaona kule na unaona hapa. Halafu iache inawaka mkononi wakati mnaongea bei. Mwili upate joto, sio kichwa tu. Mwili ukibaki baridi kabisa na mwanga ni mkali ujue LED haikushikizwa vizuri kwenye chuma chake, joto limebaki ndani linaipika, au basi hizo lumeni hazipo. Weka kamera ya simu mbele ya mwanga wa chini, ukiona mistari inapita kwenye skrini hiyo inazima na kuwaka haraka haraka ili kupunguza mwanga, inachosha macho kwenye zamu ndefu.

Betri toa, ipime kwa sonara kama yupo jirani, wao wana mizani ndogo. 18650 ya kweli ina gramu 45 mpaka 50 hivi. Za uongo nimezipasua hapa kwenye meza yangu, ndani unakuta kibetri kidogo kimezungushiwa unga mweupe au karatasi, ukikitikisa kinacheza.

Na kama umeshainunua, chumba cha giza, simu chini kwenye sakafu na apu ya kupima laksi, tochi isimamishe pembeni imulike dari. Andika namba ukiwasha, baada ya dakika moja, baada ya tano, baada ya kumi. Usijali ni laksi ngapi, angalia imebaki sehemu gani ya ile ya mwanzo. Hiyo inakwambia zaidi ya boksi.

Nesi_wa_Zahanati_Ruangwa

Habari zenu kaka zangu, naomba na mimi niongeze maana wengi wanaisahau hii. Rangi ya mwanga. Mimi nipo zahanati ya kijijini huku Ruangwa, usiku umeme ukiondoka mama yuko kitandani anajifungua na mwanga ni tochi. Hizi tochi za mwanga wa bluu kila kitu zinakifanya kijivu. Unamtazama mtoto huwezi kusema midomo imekuwa bluu au ni tochi, unatazama macho huwezi kusema yana njano, damu ikimwagika kwenye kanga ya rangi nzito inaonekana kama maji tu. Nimeshika tochi za kila aina kwenye kazi hii na ile ninayoitegemea sasa ina lumeni chache kuliko zingine zote.

Kwenye maelezo ya tochi tafuta CRI, ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi ilivyo, mwisho wake ni 100. Tochi nyingi za kawaida zina 70 hivi. Tafuta 90 na kuendelea. Halafu kuna Kelvini, 6,500 ni ule wa bluu, 5,000 ni kama mchana, 4,000 unaelekea njano kidogo. Mimi nasema 4,000 mpaka 5,000. LED za CRI kubwa zinatoa mwanga pungufu kidogo kwa umeme uleule, ndiyo maana wauzaji hawazipendi, namba inapungua kwenye boksi.

Na wewe kaka wa korosho inakuhusu. Ukitazama majani kama yana ugonjwa wa ubwiriunga alfajiri, ule unga mweupe wa kijivu, kwa mwanga wa bluu hutautofautisha na umande. Hata nyoka, kifutu akiwa kwenye majani makavu ana rangi ya majani makavu, mwanga wa rangi sahihi unakusaidia kumuona kabla hujamkanyaga. Hao tunawapokea hapa waliokanyaga, msimu wa kuokota korosho hasa.

Pweza_Msimbati

Dada yangu hapo kwenye rangi umenena. Mimi ni wa Msimbati, maji ya bamvua yakitoka usiku tunatembea kwenye mwamba kutafuta pweza, na pweza anajibadilisha rangi akawa jiwe, kwa tochi ya bluu unapita juu yake.

Mkulima wewe huna bahari lakini una umande, mvua na hiyo salfa, kwa hiyo usipuuze kuziba kwake. Kuna alama ya IP halafu tarakimu mbili, ya kwanza vumbi ya pili maji. Ukiona IPX4 ni ya kurushiwa matone tu. IPX7 ni kuzama mita moja nusu saa. IPX8 inazidi hapo. X maana yake vumbi halikupimwa, kwako wewe na unga wa salfa bora IP68 kamili. Na hapa ndipo nakataa tochi za zumu kabisa. Kichwa kinachoteleza mbele na nyuma kinavuta hewa kama bomba la sindano, ukikivuta mkononi mna maji basi yameingia, na vumbi linaingia hivyohivyo, baada ya muda unaona ukungu ndani ya kioo.

Fungua mkia wa tochi utaona oringi, mpira mweusi mwembamba kwenye nyuzi za skrubu. Ziwe mbili ndiyo vizuri. Paka grisi ya silikoni kidogo kwa kidole, usipake grisi ya baiskeli wala mafuta ya kula, inaweza kuvimbisha mpira ukakatika. Ikigusa maji ya chumvi suuza kwa maji yasiyo na chumvi usiku uleule, usisubiri kesho, chumvi inakula alumini palepale rangi ilipochubuka.

FundiRedio_Mkanaledi

Umenikumbusha kitu @Pweza_Msimbati. Salfa na shaba haziivi. Mafundi wa mashine za kupulizia wanajua, shaba inakuwa nyeusi. Kwenye tochi zile springi na duara la shaba mwisho wa betri zitapata weusi, na weusi huo unazuia umeme, tochi inaanza kufifia ukidhani betri imekufa. Kila baada ya siku za kupulizia fungua, futa kwa kitambaa chenye spiriti, futa na ncha za betri. Na ukiwa ndani ya ule unga hewani usivae taa kichwani wala usishike tochi usawa wa macho, mwanga unagonga unga unakurudia usoni unaona ukuta mweupe. Ishike chini kwenye nyonga, weka mwanga wa kati, utaona vizuri zaidi kuliko ukiweka ule wa juu.

Liwale_Mashambani

Nimesoma yote, ni sawa, ila mimi wa huku Liwale naona mmezikalia vibaya hizo tochi za zumu. Sisi tunapakana na hifadhi, tembo wanaingia kwenye mahindi. Kule mita 80 ni karibu mno, nataka nimjue yuko wapi akiwa bado mita 200, kabla sijatoka kibandani. Mwanga wa kutawanyika unanionyesha majani yangu mwenyewe tu. Tochi inayobana mwanga ndiyo inayotusaidia, na za zumu ndizo tunazozimudu.

Pweza_Msimbati

Kaka Liwale kwa tembo nakubali mwanga ubanwe, nakataa namna ya kuubana. Kuna tochi zimebana bila kuteleza, kikombe kirefu au lenzi iliyogandishwa, zimefungwa kabisa. Ila hizo sio za mfukoni, kichwa chake kipana. Mwenzetu ameomba ya mfukoni.

Liwale_Mashambani

Hapo sawa. Ya mfukoni kwa tembo hapana, nisimdanganye mtu. Na tembo akishazoea mwanga hashtuki, tunapiga na madebe, na askari wa wanyamapori tunawapigia simu mapema.

Mkulima_Tandahimba

Wakuu nashukuru sana, dada nesi Mungu akubariki na kazi yako, ubwiriunga ndiyo adui yetu namba moja na sikujua kama rangi ya tochi inahusika. Naona naelekea kwenye hizi za 18650 za lumeni 1,000 hadi 1,500, CRI 90, IP68, mita 160 kwenda juu. Swali la mwisho, hizi zina tundu la taipu C, nichaji kwa chaja ya simu? Na nichukue betri za laptopu mbovu kwa fundi ziwe za akiba? Kuna jamaa anauza buku tano.

FundiRedio_Mkanaledi

CRI 90 na mita 160 kwenye tochi moja ya saizi hiyo zipo ila sio nyingi, ukikwama punguza mita sio rangi, ghala halihami. Angalia kama za Convoy au Wurkkos, wana 18650 ndogo za bei ya wastani na wanakuandikia jina la LED iliyotumika. Ukiona Nichia 519A hiyo ndiyo ya rangi anayoisema dada. Ukiona muuzaji anaandika "LED ya kisasa" bila jina, endelea mbele.

Chaja ya simu inafaa. Ila kuna tochi zenye tundu la taipu C ambazo zinakubali tu ule waya wenye USB ya zamani upande wa chaja, ukichomeka wa taipu C pande zote haziingizi kitu. Sio mbovu, wameacha kuweka rezista mbili ndogo kwenye bodi kubana gharama. Uliza kabla, au tunza waya uliokuja nayo.

Za laptopu kwa tochi hii hapana. Nyingi ni za mAh 2,200 mpaka 2,600 zikiwa mpya, hizo zimeshachoka, na zimetengenezwa kutoa umeme pole pole. Tochi yako kwenye mwanga wa juu inavuta ampia 4 au 5, betri inapata moto volti inaporomoka. Kwenye redio au taa ya kibandani ziweke. Za akiba nunua moja mpya ya kweli, na usiitie mfukoni na funguo au sarafu, chuma kikigusa chanya na ile ganda la pembeni ukaunga saketi suruali inaungua na wewe umo ndani. Kuna vikasha vya plastiki vya kuzibebea, bei ndogo sana.

Na kama tochi ina swichi ya kubonyeza ya pembeni, ukiiweka mfukoni legeza mkia robo mzunguko. Hizo zinawaka zenyewe ukikaa, na zikiwaka juu kabisa ndani ya mfuko zinatoboa kitambaa.

Boda_Chikongola

Fundi hiyo ya kupima kwa simu darini nimeijaribu na yangu sasa hivi. Ilianza laksi 41, dakika ya kumi imebaki 9. Hiyo Convoy agizo linafika Mtwara kwa muda gani?

FundiRedio_Mkanaledi

Inategemea muuzaji. Betri za lithiamu zina masharti yake kwenye ndege, ndiyo maana wengine wanakutumia tochi bila betri, soma maelezo kabla hujalipa usije ukapokea bomba tupu. Ukipata mtu anayetoka Dar mwambie akupitishie Kariakoo apime uzito wa betri palepale.